Kupanga posti za mwezi mzima mapema: mbona zile za papo hapo ndizo zinaleta oda?

#1 NyarKeki (Kisumu)
Wadau, hamjambo. Naoka keki Kisumu, jiko liko nyumbani, na wateja wangu wengi ni wa Milimani, Tom Mboya na kule Riat. Tangu mwaka uanze nimekuwa nikipanga posti za mwezi mzima mapema. Jumapili jioni nakaa na simu, nachagua picha, naandika maneno ya kila moja, naziingiza kwenye Meta Business Suite, nazo zinatoka zenyewe Facebook na Instagram siku na saa niliyochagua. Stetasi ya WhatsApp naweka kwa mkono.

Kupanga kumenipumzisha sana. Zamani nilikuwa naamka na swali la leo niweke nini, huku oda zinaningoja. Hilo swali sasa halipo. Lakini kuna jambo linanisumbua na nataka mnisaidie kulielewa. Posti niliyoipanga, picha safi, maneno yametulia, inapata laiki na maua kwenye maoni, basi. Halafu siku nyingine napiga picha keki ikiwa bado mezani, krimu haijalainishwa, kisu kiko kando, naitupa mtandaoni hivyo hivyo. Kabla sijaosha bakuli mtu ameshauliza bei, mwingine anataka kujua kama naweza kumletea Jumamosi.

Mbona iko hivyo? Niendelee kupanga, nipange kwa namna nyingine, ama niache kabisa?

#2 Kibuye_Mitumba
Acha kabisa. Mitandao hii inajua hukuwepo. Posti iliyojitoa yenyewe wanaisukuma chini, nafasi wanampa aliye macho. Mimi nauza mitumba Kibuye. Nikifungua beli asubuhi napiga picha pale pale, ikifika saa nne zile nguo nzuri zimekwenda. Sijawahi kupanga na sitapanga.

#3 MtaalamuWaMtaa (Nakuru)
#2 mkuu, hilo la kusukumwa chini linasemwa kila mahali na sijaona aliyelithibitisha. Kwani Facebook watengeneze wenyewe chombo cha kupanga posti, wakitoe bure, halafu wamwadhibu anayekitumia?

Dada NyarKeki, mimi nashika kurasa za biashara ndogo hapa Nakuru, na ninachokiona ni hiki. Posti yako ya kupangwa inatoka wakati mikono yako iko kwenye unga. Mtu anauliza "hii ni kilo ngapi?", swali linakaa hadi jioni, akirudi ameshanunua kwingine. Ile ya papo hapo unaiweka ukiwa umeshika simu, kwa hiyo unajibu mara moja. Jibu ndilo linauza. Panga kama kawaida, lakini ichague ile saa ambayo huna kitu motoni, ukae na simu posti inapotoka.

#4 Jadunga
Oyawore uru. Nauza samaki Dunga. Samaki hawezi kupangwa mwezi mzima. Mashua zikiingia naona kama leo ni ngege ama ni mbuta, wakubwa ama wadogo, ndipo najua niposti nini na bei gani. Nikiweka leo picha ya ngege wa juzi, mteja anapanda tuktuk kutoka mjini anakuta hakuna, huyo nimempoteza. Kitu kimoja tu napanga mapema: omena, wale dagaa wa ziwani. Msimu wa omena ukifungwa Aprili hadi mwisho wa Agosti sihangaiki kumtangaza, nahamia samaki wa kukaanga.

#5 Msomaji_Kimya
#4 omena inafungwa tarehe 1 Aprili na kufunguliwa Julai ikiisha. Agosti watu wako ziwani, omera.

#6 Jadunga
#5 ni kweli, Julai 31. Asante. Agosti ndiyo nauza sana, vidole vimeandika mbele ya kichwa.

#7 FundiWaSection58 (Nakuru)
Nyinyi nyote mnauza vitu vinavyoharibika ama kuisha siku hiyo hiyo. Mimi nashona sare za shule. Bila kupanga ningefunga duka. Mzazi hanunui sweta kwa sababu picha imependeza. Ananunua kwa sababu shule inafungua Jumatatu na mtoto amerefuka. Sasa hiyo Jumatatu najua iko lini tangu mwaka uanze, maana tarehe za mihula hutangazwa mapema.

Wiki mbili kabla ya kufungua naweka orodha ya bei. Wiki moja kabla naweka namna ya kumpima mtoto nyumbani: kamba ama utepe, begani hadi kifundo cha mkono, kiunoni, urefu wa sketi kutoka kiunoni hadi chini ya goti. Hiyo posti watu wanaihifadhi na kutumiana. Siku mbili za mwisho naweka tu saa za kufunga duka. Yote yanakuwa tayari mapema, kwa sababu wiki ya kufungua shule sioni hata mlango, niko kwenye cherehani. Januari 2026, Gredi ya 10 wa kwanza walipokuwa wanaingia sekondari pevu, wazazi waliuliza rangi za shule ambazo hawakuwahi kuzisikia. Ningekuwa naandika posti wakati ule, nani angekata vitambaa?

#8 BintiBungoma
Mulembe. Namuunga mkono Fundi. Nakodisha hema, viti na sufuria kubwa. Kalenda yangu haiko kwenye simu, iko kwa watu. Agosti ya tohara inakuja na familia zinaanza kuuliza miezi kabla. Nikingoja hadi vijana waanze kuzunguka na njuga ndipo niposti, hema zote zimeshachukuliwa na wenzangu.

#9 Kibuye_Mitumba
#8 hiyo si ya kila Agosti? Basi weka posti moja uirudie kila mwaka, kazi kwisha.

#10 BintiBungoma
#9 ndugu yangu, kwa Wabukusu ni miaka inayogawanyika kwa mbili. 2022, 2024, 2026. Ukiposti hema za tohara 2025 watu wa Bungoma watakuuliza unatahiri nani. Agosti ya katikati nahamia harusi na mazishi. Karibu huku utufunze mitumba, sisi tukufunze kalenda.

#11 OmwamiWaLurambi (Kakamega)
Nimesoma tangu #1 na naona mnamjibu dada swali ambalo hakuuliza. Ameuliza kwa nini zile za haraka zinaleta oda. Dada, ile picha ya haraka unaiweka wapi hasa? Nadhani unaiweka kwenye stetasi kwanza. Na zile za kupangwa ziko Facebook na Instagram. Basi hapo unalinganisha masoko mawili. Stetasi yako anaiona mtu aliye na namba yako, na wewe uko na yake: jirani, mwalimu wa mtoto, mtu wa kanisani. Huyo anakujua na anaishi karibu. Facebook anayekupa maua anaweza kuwa Nairobi ama Doha. Anapenda keki lakini hataila.

#12 Mpakani_Busia
#11 umenena. Mimi niko Busia, nauza viatu, nusu ya wateja wangu wako ng'ambo ya mpaka. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021 kabla ya uchaguzi, na wateja wangu wa upande ule wamezoea kuingia kwa VPN ama wasiingie kabisa. Ningepanga posti za Facebook za mwaka mzima, wao wasingeziona. WhatsApp ndiyo inavuka mpaka.

#13 NyarKeki
Asanteni wote. #11 Omwami, ni kweli nyingi naanzia kwenye stetasi. Lakini si zote. Kuna ile ya keki ya chokoleti iliyopasuka juu, nikaifunika na matunda, niliiweka Facebook peke yake na simu ziliita. Kwa hiyo maelezo yako yananisaidia nusu.

#3 Mtaalamu, hilo la kujibu limenigusa. Zangu huwa zinatoka saa tatu asubuhi, na saa hiyo ndiyo natoa keki za kwanza kwenye oveni.

#14 Kibuye_Mitumba
Iliyopasuka! Ndiyo nasema. Watu wanataka kitu ambacho kinaonekana kimetoka kwa mikono ya mtu.

#15 Mwanga_na_Picha
Napiga picha za bidhaa Kisumu, na hapa #14 ana hoja, ingawa si ile ya #2. Picha ikiwa safi kupita kiasi, mteja wa hapa anashuku umeitoa mtandaoni. Ameshaumizwa: aliagiza keki ya ghorofa tatu akaletewa kitu kingine. Anatafuta ushahidi kwamba hiyo keki iko Kisumu na iko kwako. Kisu kando ni ushahidi. Dirisha lako, sinia yako ya maua mekundu, mkono wako wenye unga, hizo ndizo anaziamini.

Na hayo yote yanaweza kupigwa mapema! Keki moja, kabla haijaondoka, ipige ikipakwa krimu, ikikatwa kipande ndani kuonekane, kisanduku kikifungwa utepe, kisanduku kikiwa kwenye kiti cha tuktuk. Simama karibu na dirisha asubuhi, zima taa ya ndani kwa sababu inaleta manjano kwenye krimu nyeupe. Keki moja imekupa posti za wiki, na zote zina harufu ya jikoni.

#16 MamaNjoro
Mimi nauza mtindi na maziwa. Mnasahau mfuko. Tarehe 12 mtu anaipenda keki yako kwa dhati na hana pesa. Tarehe 29 anaipenda na anayo. Dada, angalia zile za papo hapo zilizoleta oda zilikuwa tarehe ngapi. Nadhani unaposti kwa haraka siku ambazo uko na oda nyingi, na oda nyingi ziko mwisho wa mwezi, kwa hiyo watu wangenunua hata ungeweka picha ya sufuria.

#17 MtaalamuWaMtaa
#16 mama, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote hapa na hakuna hata mmoja wetu aliyeiona.

#18 NyarKeki
Nimerudi kuangalia tarehe. Nyingi ni za kuanzia 26 hadi 5, ni kweli. Ile iliyopasuka ilikuwa katikati ya mwezi.

#19 Kibuye_Mitumba
😀 Iliyopasuka imewashinda wote.

#20 Kijana_Kondele
Kwani WhatsApp nayo si inapanga stetasi? Kuna ile GB, unaweka saa inatoka yenyewe. Beste yangu anaitumia.

#21 MtaalamuWaMtaa
#20 hapana, usimpeleke mtu huko. GB si ya WhatsApp wenyewe, ni programu iliyochezewa, na WhatsApp hufungia akaunti zinazoitumia. Mtu wa biashara akifungiwa namba amepoteza wateja wote siku moja. WhatsApp Business halali inakupa katalogi, majibu ya haraka uliyoandika mapema, na ujumbe wa kujijibu wenyewe ukiwa haupo. Hayo matatu ukiyapanga vizuri ni nusu ya kazi. Kuna na orodha ya kutuma ujumbe kwa watu 256 kwa mpigo, ila anaupata tu aliyehifadhi namba yako.

#22 Nyalenda_Juu
Nataka kusema jambo zito kidogo. Oktoba 2025, Raila alipofariki kule India tarehe 15, mji huu wetu wa Kisumu ulisimama. Mnakumbuka. Kuna duka la vinywaji mtaani kwetu lililokuwa limepanga posti za wiki nzima. Mwenye duka alikuwa barabarani kama sisi, na Jumamosi tarehe 18 mwili ulipoletwa uwanja wa Mamboleo, ukurasa wake ukatangaza "wikendi ya shangwe, njoo na marafiki". Yeye mwenyewe hakujua imetoka, alikuwa uwanjani. Watu walimwandikia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, na wengine hawajarudi dukani kwake hadi leo.

Kwa hiyo anayepanga lazima ajue kusimamisha. Mji wetu una siku ambazo haziko kwenye kalenda yoyote.

#23 FundiWaSection58
#22 pole sana. Hili hata mimi linanitia baridi.

#24 MtaalamuWaMtaa
#22 asante kwa kulisema. Kusimamisha hakuchukui muda: fungua sehemu ya mpangilio kwenye Business Suite, gusa posti, irudishe kwenye rasimu ama ifute. Lakini muhimu zaidi, mpe mtu mmoja unayemwamini ruhusa ya kuingia kwenye ukurasa. Usimpe neno lako la siri, mwongeze kwa akaunti yake. Siku wewe uko msibani, ama umelala hospitali, yeye anazisimamisha.

#25 Kijana_Kondele
Na intaneti ikipotea je? 25 Juni 2024 siku ya maandamano mtandao ulizorota nchi nzima, ungeingia kufuta kwa njia gani?

#26 Kibuye_Mitumba
Na ile siku Facebook, Instagram na WhatsApp zote zilizima siku nzima 2021. Waliopanga na wasiopanga tulilala sawa.

#27 Msomaji_Kimya
#26 haikuwa siku nzima. 4 Oktoba 2021, ilianza jioni kwetu kabla ya saa moja na kurudi baada ya saa sita za usiku. Jumla ni kama muda wa saa sita hivi.

#28 Kibuye_Mitumba
#27 wewe unakaa kimya hadi mtu akosee namba. Lakini jioni ndiyo wakati wa kuuza, kwa hiyo ni siku nzima.

#29 OmwamiWaLurambi
Turudi kwa dada. Nina duka la agroveti, na nimefikia mahali ambapo nagawanya posti makundi mawili. Kuna za kuuza na kuna za kufundisha. Za kuuza naziweka kwa mkono, kwa sababu bei ya mbolea inabadilika na mbegu inaweza kuisha dukani. Za kufundisha nazipanga mapema, tena mapema sana.

Mfano viwavijeshi. Walionekana Kenya 2017, huku kwetu magharibi tukiwa wa kwanza kuumia, na tangu hapo hatujapumzika. Mkulima anamwona mdudu mahindi yakiwa magotini, na akimwona kwa macho tayari amejichimbia ndani ya moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapochomoza, dawa haimfikii vizuri. Mimi nilipiga picha msimu uliopita: kichwa cha kiwavi kwa karibu, ile alama ya Y iliyogeuzwa juu chini, majani yenye matundu kama vidirisha, uchafu wake ule wa unga wa mbao. Msimu huu mvua ilipoanza Machi niliziweka zitoke kwa zamu, wiki chache baada ya watu kupanda: kagua shamba asubuhi mapema ama jioni, fungua moyo wa mhindi, tazama hiki. Wakulima wanakuja dukani na simu mkononi wakinionyesha picha yangu mwenyewe. Wakati huo mimi niko kaunta, siwezi kupiga picha ya kitu chochote.

Kwa keki sijui za kufundisha ni zipi, wewe unajua.

#30 BintiBungoma
Namna ya kusafirisha keki kwa boda isibomoke! Hiyo nitaisoma mara mia.

#31 MamaNjoro
Keki ya kilo moja inatosha watu wangapi. Kila mara nauliza, kila mara najibiwa "njoo inboksi".

#32 Mpakani_Busia
#31 umegusa kidonda. Hii ya bei inboksi iishe! Mtu amepanga posti za mwezi, picha nzuri, na bei hakuna. Mimi nikikosa bei naenda kwa anayeweka. Sina aibu ya kusema hivyo.

#33 NyarKeki
#32 mimi siweki bei kwa sababu keki zinatofautiana, na mayai yanapanda kila wakati. Nikiweka bei ya mwezi ujao leo, mayai yakipanda nitauza kwa hasara ama nitaonekana mwongo.

#34 Mpakani_Busia
Weka "kuanzia". Kuanzia shilingi kadhaa. Mteja ajue kama ni mlango wake ama si wake.

#35 MtaalamuWaMtaa
Angalia pia hapa, NyarKeki: zile za papo hapo huwa unaandika bei?

#36 NyarKeki
Ngoja... nyingi naandika, ndiyo. Kwa sababu keki hiyo tayari imeuzwa kwa bei inayojulikana. Ile iliyopasuka niliandika bei na nikapunguza.

#37 MamaNjoro
Loo.

#38 WakiliMdogo
Salamu. Sitazungumzia mauzo, nitasema moja tu kwa wanaohifadhi picha za kuposti baadaye. Picha ya keki ya birthdei yenye mtoto wa mteja ndani si yako ya kutumia utakavyo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ukitaka kuitumia, muulize mzazi kwa WhatsApp, apate kukujibu kwa maandishi, na ujumbe huo uutunze. Akibadilisha mawazo baadaye, iondoe, hata kama umeshaipanga kwa mwezi ujao.

#39 Jadunga
#38 asante mkubwa. Samaki hawana shida hiyo.

#40 Kijana_Kondele
Fundi wa #7, unaandika wapi hiyo mipango yako? Simu ama kompyuta?

#41 FundiWaSection58
#40 daftari la mraba, ya shilingi kidogo tu. Kila ukurasa ni wiki. Nimechora safu: siku, bidhaa, picha iko wapi, maneno, bei, na safu ya mwisho naandika nani atajibu simu. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Kama ni siku niko Njoro kupima wanafunzi na hakuna wa kujibu, naacha wazi, siposti kitu. Kwa kalamu nyekundu naongeza baadaye waliouliza na walionunua. Stima ikipotea daftari linafunguka.

#42 MtaalamuWaMtaa
NyarKeki, tufanye hivi ili mzozo wangu na Kibuye uwe na mizani. Keki ile ile, picha ile ile yenye kisu na unga, bei imeandikwa, Facebook peke yake. Mara moja uipange itoke yenyewe, mara nyingine uiweke kwa mkono, saa ile ile, na mara zote mbili uwe umekaa na simu.

#43 MamaNjoro
Na tarehe zifanane. Usiweke moja tarehe 14 na nyingine tarehe 30.

#44 OmwamiWaLurambi
Watu wakiona picha ile ile mara mbili, mara ya pili watapita tu. Hapo kipimo kimeharibika.

#45 Mwanga_na_Picha
Basi keki mbili zinazofanana, pembe moja ya kupiga, dirisha moja.

#46 Kibuye_Mitumba
Nakubali. Ya kupangwa ikishinda nitakuja hapa niseme Mtaalamu ameshinda, na nitapanga posti za mabeli yangu mwezi mzima. Ikishindwa, yeye ananunua koti Kibuye, na bei sipunguzi.

#47 MtaalamuWaMtaa
Koti la Nakuru liwe zito, huku kuna baridi.

#48 NyarKeki
Nimekubali jaribio. Nitaanza tarehe 27 na kurudia tarehe 27 ya mwezi unaofuata, saa nane mchana, oveni ikiwa imezimwa. Na #30, posti ya keki kwa boda naiandaa wiki hii. Kuna mtu hapa anajua boda wa Riat anayekubali kuendesha polepole nikiwa napiga video?